Lenana Alikuwa Mfalme wa Nani?

Ukiishi Kenya huwezi kulikwepa jina la Lenana. Nairobi kuna barabara ya Lenana na kuna shule ya Lenana. Na wale marafiki zako wanaopost picha ati wamefika juu ya Mlima Kenya, wengi wao wamefika Ncha ya Lenana, mita 4,985. Vilele viwili vya juu zaidi, Batian na Nelion, vinataka kamba na watu wanaojua kukwea miamba. Batian ni Mbatian, babake Lenana. Nelion ni Neilieng, ndugu ya Mbatian. Familia moja, vilele vitatu. Majina hayo yalitolewa na Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kileleni mwaka 1899. Ukiangalia ramani bila kujua historia, utadhani huu ulikuwa ukoo wa wafalme.

Shida ni moja. Wamaasai hawakuwa na mfalme.

Sasa kama hawakuwa na mfalme, nani alimfanya Lenana aonekane kama mfalme? Na alimhitaji kwa kazi gani? Hilo ndilo swali langu leo. Kulijibu nitawapeleka mbali kidogo, hadi Italia, miaka 1,400 iliyopita, kwa watu walioitwa Walombardi. Halafu tutarudi huku kwetu Mau Narok, kwa ng'ombe waliokufa na baridi wakivuka msitu. Vumilieni, itaungana.

Watu wenye wasemaji wengi

Tuanze na nyumbani. Wamaasai wa karne ya 19 hawakuwa serikali moja. Walikuwa na sehemu nyingi, kila moja na malisho yake: Purko, Loita, Keekonyokie, Kaputiei, Ildamat, Kisongo na wengine. Ndani ya kila sehemu kulikuwa na marika. Vijana wanatahiriwa, wanakuwa morani, wanapanda kuwa wazee, na kila rika lina msemaji wake, olaiguenani. Yeye hatoi amri tu na kuondoka. Anakaa na wenzake chini ya mti, wanaongea hadi waelewane, ndipo anatangaza kile kilichokubaliwa. Akisema kitu ambacho rika halikukubali, hakuna mtu analazimika kumfuata.

Oloiboni alikuwa mtu wa aina nyingine. Alitoka ukoo wa Inkidongi. Kazi yake ilikuwa kubashiri, kutengeneza dawa, kubariki sherehe na kubariki vita. Morani wakitaka kwenda vitani walimwendea kwa baraka na ushauri. Mbatian alikuwa oloiboni mkubwa kuliko wote wa zama zake, na heshima yake ilivuka mipaka ya sehemu. Lakini heshima si utawala. Daktari wako anaweza kukwambia usile chumvi, na ukamsikiliza, lakini hawezi kuuza shamba lenu.

Shikeni hapo. Oloiboni hakuwa na uwezo wa kuuza shamba.

Mbatian alikufa karibu mwaka 1890, na wanawe wawili wakagombania nafasi. Masimulizi yanasema hivi. Mzee alimwambia Sendeyo, mwana mkubwa, aje asubuhi apokee vifaa vya uganga. Lenana akasikia. Akadamka mapema kuliko kaka yake, akaingia, na mzee, ambaye hakuwa anaona vizuri, akampa yeye. Sendeyo alipofika, baraka ilikuwa imeisha. Mnajua hadithi ya Yakobo na Esau? Basi.

Ugomvi huo uligawanya watu. Loita wengi walisimama na Sendeyo. Na ulikuja wakati mbaya kabisa. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe, halafu ikaja ndui, halafu njaa. Wamaasai wenyewe wanaziita siku hizo Emutai, maangamizi. Waingereza walipoingia Bonde la Ufa wakiwa na bunduki na mpango wa reli, walikuta watu walioumia, waliogawanyika, na wenye wazungumzaji wengi.

Tuwaache hapo kwanza, tupande ndege.

Kikombe cha fuvu

Mwaka 568, mfalme anayeitwa Alboin aliwavusha watu wake milima na kuingia kaskazini mwa Italia, na wake, watoto, mikokoteni na mifugo. Hao ndio Walombardi. Dola ya Roma upande huo ilikuwa imeanguka karibu miaka 100 kabla, na nchi ilikuwa imechoshwa na vita na tauni. Eneo la Milano hadi leo linaitwa Lombardia, kwa sababu yao.

Wao pia walikuwa na hadithi ya baraka iliyoibiwa asubuhi. Zamani, kabla ya vita, mungu wao alisema atawapa ushindi watu wa kwanza kuwaona jua likichomoza. Mkewe alikuwa upande wa Walombardi, ambao wakati huo walikuwa na jina lingine. Akawaambia wanawake wao wafungue nywele na kuzipanga usoni kama ndevu, wasimame na waume zao. Kisha akageuza kitanda cha mungu kuelekea mashariki. Mungu akaamka, akauliza: hawa wenye ndevu ndefu ni kina nani? Mkewe akajibu: umeshawapa jina, sasa wape na ushindi. Ndevu ndefu, ndiyo maana ya jina lao. Aliyeandika hadithi hiyo, Paulo Shemasi, alikuwa Mlombardi mwenyewe, na akaongeza kwamba ni hadithi ya kuchekesha. Mimi nashindwa kucheka sana, kwa sababu nikiwaza Lenana akidamka gizani, naona watu wawili wa mabara mawili wakieleza kitu kilekile: madaraka huanza na nani aliwahi.

Alboin hakukaa. Alikuwa amemuua mfalme wa Wagepidi, akafanya fuvu lake kikombe, na akamwoa binti yake, Rosamund. Siku moja akiwa amelewa, vile Paulo anasimulia, akamwambia Rosamund anywe kwa kikombe hicho. Mwaka 572 Alboin aliuawa mjini Verona, na mkewe ndiye aliyepanga. Mfalme aliyefuata, Cleph, naye akauawa mwaka 574 na mtumishi wake mwenyewe.

Halafu ikatokea kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike hii yote. Walombardi walikaa bila mfalme miaka 10.

Miaka 10 bila taji

Hawakutafuta mwingine. Majemadari wao, Paulo anasema walikuwa 35, kila mmoja alishika mji wake na watu wake. Kwa wenyeji wa Italia miaka hiyo ilikuwa ya kuporwa na kuuawa, tusiipake rangi. Lakini Walombardi wenyewe hawakupotea. Waliendelea kuwa Walombardi. Mfalme hakuwa uti wa mgongo wao. Alikuwa kifaa, kama jembe. Hukuna kulima, jembe linakaa kwa stoo.

Mwaka 584 kifaa kikahitajika. Wafranki wa upande wa Ufaransa ya leo na mfalme wa Konstantinopoli walikuwa wameshikana kuwamaliza. Majemadari wakaona kila mtu na mji wake hawatatoboa. Wakakaa, wakamchagua Authari, mwana wa Cleph. Na hapa sikieni vizuri: mfalme bila mali ni jina tu, kwa hivyo kila jemadari akatoa nusu ya mali yake ili mfalme awe na kitu cha kuendeshea kazi.

Nusu. Fikiria mwanasiasa yeyote unayemjua akitoa nusu ya mali yake ili ofisi ya mtu mwingine ifanye kazi.

Authari akafa mwaka 590. Mkewe, Theodelinda, alikuwa amependwa na watu hivi kwamba, kulingana na Paulo, waliambiana: malkia abaki, na achague mume atakayefaa kutawala. Akamchagua Agilulf. Baadaye, mwaka 643, mfalme Rothari akaandika sheria zao kwa mara ya kwanza, vifungu 388. Nyingi zilikuwa za kuzuia visasi: badala ya damu kwa damu, unalipa fidia. Anasema mwenyewe kwamba alizikusanya kwa kuwauliza wazee waliokumbuka, na akazithibitisha mbele ya watu wake kwa desturi yao. Mwanzoni akaorodhesha wafalme waliomtangulia, akajihesabu wa 17.

Si malaika, hao. Wengi wa wafalme wao waliuawa na ndugu zao. Lakini mchezo ulikuwa wao. Walimtoa mfalme wakiona hafai, wakakaa bila mfalme wakiona hawamhitaji, na wakamtafuta walipoona hatari. Sababu ya kuwa na mfalme ilitoka ndani.

Na mwisho wao ulikuwa safi, kwa mtu wa vita namaanisha. Mwaka 774, Charlemagne wa Wafranki aliuzingira mji wao mkuu, Pavia, akamkamata mfalme Desiderius na kumpeleka kwenye monasteri. Halafu hakufuta ufalme. Alijiongezea cheo: mfalme wa Wafranki na wa Walombardi. Alivua taji kichwa kimoja akaliweka kingine, na nchi ikaja nalo.

Hapo ndipo niligundua tofauti. Watu wenye mfalme, mvamizi ananyakua taji. Watu wasio na mfalme, mvamizi inabidi awatengenezee taji kwanza, ndipo alinyakue.

Turudi Bonde la Ufa.

Chifu mkuu wa watu wote

Waingereza walikuwa na askari wachache na reli ndefu. Wamaasai walikuwa wamepoteza ng'ombe na walitaka kujijenga upya. Kwa miaka kadhaa pande hizo mbili zilisaidiana. Morani walienda na misafara ya Waingereza dhidi ya jamii nyingine, na malipo yao yalikuwa sehemu ya mifugo iliyotekwa. Lenana alikuwa katikati ya urafiki huo. Kwa hivyo sitaki kumwita msaliti, kama vile watu hupenda kusema. Alikuwa na kaka adui upande wa pili, watu wenye njaa, na mgeni mwenye bunduki aliyekuwa tayari kumtambua. Ningekuwa yeye, sijui ningefanya nini.

Waingereza ndio walibadilisha maana ya kazi yake. Wakamwita chifu mkuu wa Wamaasai wote, wakamlipa. Mganga mwenye heshima akawa, kwenye karatasi, mtu anayeweza kusema "ndiyo" kwa niaba ya kila Mmaasai, awe Purko, awe Keekonyokie, awe mtoto ambaye hajazaliwa.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Serikali ikataka walowezi walime na kufuga kandokando ya reli ili iweze kujilipa. Lord Delamere akapata ekari 100,000 huku Njoro. Malisho mazuri ya Bonde la Ufa, kutoka Naivasha kupanda, yalikuwa ya Wamaasai. Ulikuwa wakati wa kutumia taji lililotengenezwa.

Agosti 1904 mkataba ukasainiwa. Upande mmoja Kamishna Donald Stewart, upande mwingine Lenana na wawakilishi wa sehemu mbalimbali, kwa alama zao. Wamaasai wakaondoka bondeni wakagawanywa mara mbili: wengine Laikipia, wengine kusini ya reli. Waliahidiwa njia ya kuunganisha pande hizo mbili, na maili 5 za mraba huko Kinangop kwa sherehe za tohara. Na waliahidiwa kitu kingine, ambacho kila mtu anafaa kukijua. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai kama watu wanaishi.

Siku hizi utasikia ati ulikuwa wa miaka 99 au 100. Mwaka 2004 watu waliandamana wakidai muda umeisha, Laikipia irudi. Serikali ikakataa. Lakini karatasi yenyewe haikuandika miaka 99. Iliandika milele, kwa lugha ya binadamu.

Milele hiyo ilidumu miaka 7.

Mwezi mmoja

Walowezi wakaanza kuitaka Laikipia pia. Lenana akafa Machi 1911. Waingereza wakasema kwamba kabla ya kufa alitaka watu wake wahamie kusini. Tarehe 4 Aprili 1911, hata mwezi haujaisha tangu afe, mkataba wa pili ukasainiwa wakati wa Gavana Percy Girouard. Na kwa sababu mfalme ambaye hakuwa mfalme alikuwa amekufa, ilibidi pia apatikane mrithi wa ufalme ambao haukuwepo. Seggi, mwanawe Lenana, ambaye bado alikuwa kijana mdogo, akawekwa kwenye karatasi hiyo kama mkuu wa Wamaasai.

Huo mkataba ulimaanisha watu wa Laikipia, wengi wao Purko, wachukue kila kitu na watembee hadi kusini. Safari ilianza katikati ya mwaka 1911. Njia zilipita huku juu, Mau.

Kama hujawahi kufika Mau Narok, niwaeleze kidogo. Tuko zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Watu hulima viazi, ngano, shayiri, karoti na minji. Asubuhi Julai mikono inakufa ganzi ukishika jembe. Ukungu ukishuka, huoni ng'ombe wa jirani, na mvua ikinyesha barabara ya udongo inageuka uji. Sasa wazia familia nzima nzima, na makundi makubwa ya ng'ombe na kondoo waliozoea nyasi za joto za bondeni, wakisukumwa kupanda huku msimu wa mvua na baridi, wakikutana wote kwenye njia nyembamba za msitu. Malisho yakaisha. Mifugo ikaanza kufa. Msongamano ukawa mkubwa hivi kwamba serikali yenyewe ikasimamisha safari, na wengine wakarudi walikotoka. Uhamisho ukaanza upya mwaka 1912 na kumalizika 1913.

Neno "narok" kwa Kimaa ni nyeusi. Watu huku hupita kwa hilo neno kila siku kwenye mbao za magari, na wengi wetu, babu zetu walikuja baada ya hayo yote, baada ya walowezi na baada ya uhuru. Sisemi hivyo ili kuanzisha vita. Mpaka wa Nakuru na Narok uko hapa karibu na tumeshaona moto wa kutosha kila uchaguzi ukikaribia. Nasema kwa sababu huwezi kuishi mahali kwa amani ukiogopa kujua nani alipita hapo na kwa nini alikuwa analia.

Kesi

Sasa ije sehemu inayoniuma zaidi.

Kulikuwa na olaiguenani wa Purko aliyeitwa Parsaloi Legalishu. Huyu ndiye alikuwa msemaji kwa maana ya Wamaasai wenyewe. Hapo awali alipinga kuhama. Mwaka 1911 naye aliweka alama kwenye mkataba. Halafu yeye na wenzake wakafanya kitu ambacho serikali haikutarajia: wakatafuta mawakili, wakaishtaki serikali. Kesi inajulikana kwa jina la Ole Njogo, mmoja wa walalamishi. Hoja yao ilikuwa rahisi. Waliosaini mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamaasai wote wa Laikipia, na mkuu aliyetajwa ni mtoto. Kwa hivyo mkataba wa 1904 bado unasimama.

Kwa maneno mengine: mfalme wenu si wetu.

Mei 1913 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono. Majaji hawakusema Wamaasai wamekosea kuhusu ardhi. Walisema hawawezi hata kusikiza. Kwa nini? Kwa sababu nchi hii ilikuwa eneo la ulinzi, si koloni kamili, na Wamaasai hawakuwa raia wa Mwingereza. Walikuwa watu wa kigeni wenye kiasi fulani cha mamlaka yao wenyewe, cha kutosha kufanya mkataba na Mfalme wa Uingereza. Na mkataba kati ya mamlaka mbili ni jambo la dola. Mahakama ya kawaida haina mdomo hapo.

Someni tena polepole. Wamaasai walikuwa taifa lenye enzi wakati wa kutoa ardhi. Walikuwa taifa lenye enzi wakati wa kufukuzwa mahakamani. Kati ya hizo siku mbili, ni siku gani ingine waliwahi kutendewa kama taifa lenye enzi? Walipotaka kubaki Laikipia, je? Ng'ombe walipokuwa wanakufa huku Mau, je?

Taji lilivaliwa mara mbili tu, na mara zote mbili lilikuwa la kuwaumiza wenyewe.

Mlimani hakuna Ncha ya Legalishu. Mtu aliyewaambia Waingereza kwa sheria yao wenyewe kwamba hiyo sahihi haitoshi, hana kilele, hana barabara unayoijua. Sidhani ni bahati mbaya. Ramani huwakumbuka wale ambao mchoraji wa ramani aliwahitaji.

Na sisi je?

Mtasema hiyo ni historia, wacha ilale. Lakini nimekua nikiona kwenye habari, kila uchaguzi ukikaribia, mwanasiasa anavalishwa ngozi, anapewa fimbo na kigoda, wazee wachache wanamtemea baraka, na kesho yake magazeti yanamwita kingpin wa jamii fulani. Kuanzia siku hiyo, akiingia mkataba na mwanasiasa mwingine hotelini Nairobi, inasemekana "jamii" imeamua. Wewe uliyekuwa kwa shamba unapanda viazi umeamua. Dada yako aliye Naivasha kwenye maua ameamua. Mtoto wako ambaye bado hujazaa ameamua.

Sipingi viongozi. Walombardi walinifundisha kwamba kuna siku watu wanahitaji mtu mmoja wa kusimama mbele, na siku hiyo wakikawia wanaisha. Wala sisemi wazee chini ya mti hawakosei. Ninachosema ni kwamba kuna aina mbili za wafalme, na hazitofautiani kwa mavazi. Mmoja anatafutwa na watu wake kwa sababu wao wana hatari. Wanamchangia kutoka mfukoni mwao, kwa hivyo wanaweza kumuuliza. Mwingine anatafutwa na mtu wa nje kwa sababu huyo wa nje ana karatasi inayohitaji sahihi. Analipwa kutoka huko, kwa hivyo anajibu huko.

Kwa hivyo mkiona mtu anatawazwa, msiangalie ngozi na fimbo. Ulizeni maswali matatu. Nani amelipia hema? Karatasi gani inakuja baada ya sherehe? Na watu wakikataa kile atakachosaini, kuna mahali wanaweza kwenda wakasikizwa?

Legalishu aliuliza hilo la tatu mwaka 1913, akajibiwa hapana. Mwaka huu wewe una kura, una Katiba inayotaja ushirikishwaji wa umma, na una simu mkononi. Kuna baraza kwa chifu wiki hii? Enda. Usitume mfalme.